Nimehesabu kalori siku 77, daftari na mizani havilingani. Upungufu umetokea wapi?

Mtunza Stoo (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie jambo ambalo hapa nyumbani limeshakuwa kesi.

Mimi ni mtunza stoo, mwaka wa 16 huu. Kazi yangu ni mambo matatu tu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kitabu kikisema mifuko 40 ya saruji na chini nikakuta 38, siendi kwa mganga, natafuta hiyo miwili ilikopita. Kwa hiyo daktari aliponiambia presha inapanda na kilo 96.4 kwa kimo changu ni nyingi, nikaona hili ni la saizi yangu kabisa. Kijana mmoja pale kazini akaniwekea programu ya kalori kwenye simu. Ikaniuliza umri (43), urefu, uzito, na kama kazi yangu ni ya kukaa au kusimama. Ikapiga hesabu yake: kwa siku natumia kalori 2,400. Nikajipangia kula 1,800. Wanasema kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Sasa 600 mara siku 77 ni 46,200, gawa kwa 7,700 unapata kilo 6 kamili, hakuna hata desimali. Nilipenda sana hiyo hesabu.

Nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Ugali napima, wali napima, kipande cha samaki napima, sukari ya chai napima. Mke wangu wiki ya kwanza alicheka, ya pili akanuna, ya tatu akaanza kunipakulia huku anaangalia ukuta.

Matokeo ndiyo haya. Wiki mbili za kwanza zimetoka kilo 3.1, nikatembea mtaani kama mgombea. Wiki tisa zilizofuata, gramu 800. Jumla 3.9. Nilitarajia 6, kwa hiyo nina upungufu wa kilo 2 na gramu 100, na sina maelezo. Kazini ningekuwa nimeshapewa barua ya kujieleza.

Chumvi kwenye kidonda ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yuko Muheza. Tangu Idi ameacha soda, mkate wa dukani na zile biskuti za pakiti alizokuwa akitafuna kwenye genge lake. Asubuhi muhogo wa kuchemsha au ndizi na chai ya rangi, mchana maharage na mchicha, siku nyingine dagaa, na anakula mpaka anashiba. Kilo 7 zimeondoka. Hajui kalori ni mnyama gani. Jumapili amekuja, kanikuta nimeweka bakuli la wali juu ya mizani, akasema mbele ya watoto: "Shemeji, chakula kinaliwa, hakikaguliwi."

Swali langu: hesabu ya kalori peke yake inatosha kueleza mtu anavyopungua, au kuna kitu kingine? Na kama inatosha, zile kilo 2.1 zangu ziko wapi?

Baba Nyama (Dar)

Mkuu umepotezewa muda. Kalori ni hadithi. Adui ni insulini. Ukila ugali, wali, chapati, insulini inapanda na mafuta yanafungiwa ndani kwa kufuli. Acha wanga wote, piga nyama, mayai, parachichi, usiogope mafuta. Mimi nimetoa kilo 11 kwa miezi minne na sijapima hata punje ya chumvi. Shemeji yako ndiye mwerevu hapo.

Mtunza Stoo (Tanga)

Lakini mkuu, shemeji anakula muhogo. Muhogo si wanga?

Baba Nyama (Dar)

Muhogo ni wa asili. Tofauti.

Mama Rukia (Likoni)

Kakangu wa Tanga, pole, na hongera pia, maana wanaume wengi hata maji ya kunywa hawajui wanywa vikombe vingapi.

Mimi napikia harusi, sufuria za watu mia tatu, kwa hivyo kipimo nakijua kwa mkono. Nataka kukuuliza. Huo wali uupimao, kwenye simu waandika nini? "Wali" basi? Wali wa simu ni wa maji na chumvi. Wali wa Tanga na wa kwetu watiwa tui, na wengine kabla ya tui kitunguu chakaangwa kwanza. Mchuzi waanza na mafuta, wamalizwa na tui. Mchicha vivyo hivyo. Maharage vivyo hivyo. Samaki naye akaangwa ndipo atiwe mchuzini. Wewe wakipima kipande, mafuta aliyokunywa kule kikaangoni wayaandika wapi?

Na usimuulize mkeo katia vijiko vingapi. Atakwambia "kidogo tu", na wala hakudanganyi. Sisi hatutii kwa kijiko, twamimina huku twatazama sufuria. Muulize hivi: dumu la mafuta lakaa siku ngapi?

Mtunza Stoo (Tanga)

Mama Rukia, umenishika pabaya.

Nimeingia jikoni saa hizi. Dumu ni la lita 5. Nimeuliza linakaa siku ngapi, mke kajibu bila hata kugeuka: "Wiki tatu. Likizidi sana, siku mbili." Tupo watano. Nimekaa kwenye kigoda na kalamu. Lita moja ya mafuta haifiki kilo, ni kama gramu 920, hilo nalijua kwa kazi. Lita 5 ni gramu 4,600. Kila gramu ya mafuta kalori 9, jumla 41,400. Gawa kwa siku 21, gawa kwa watu 5: kalori 394 kwa kila kichwa kwa siku.

Kwenye programu nimeandika mafuta kiasi gani siku zote 77? Sifuri. Hata tone. Na hapo tui sijaligusa.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye ninayewafundisha vijana pale kazini: usikague mzigo ukiwa mikononi mwa aliyeuchukua, kagua ulipotokea. Nyumbani nimekaa miezi miwili na nusu nakagua sahani. Nimechukua kadi ya stoo, nimeitoboa, nimeifunga kwa uzi kwenye mkono wa dumu. Tarehe, kiasi kilichobaki, sahihi. Niliporudi kutoka kuoga nikakuta mke kashaijaza: "Imetolewa na: mpishi. Imepokelewa na: tumbo la mkaguzi."

Ila sasa nimeingia kwenye tatizo jipya. Chukua 600 toa 394, upungufu wangu wa kweli ulikuwa 206 kwa siku. Mara 77 ni 15,862, ambayo ni kilo 2 na kidogo. Mizani inasema nimetoa 3.9! Maana yake upungufu umefutika na badala yake nina ziada ya kilo 1.8 hivi. Aliyewahi kushika stoo anajua, ziada inatisha kuliko upungufu. Upungufu waweza kuwa panya. Ziada ni mtu.

Mwalimu wa Kemia (Iringa)

Ndugu Mtunza Stoo, ziada yako ni maji.

Ini na misuli huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu hushikana na maji kama gramu 3. Ukikata chakula ghafla, akiba hiyo ndiyo ya kwanza kuchotwa, na maji yake yanakwenda chooni. Kilo moja na nusu hadi mbili zinaweza kuondoka siku za mwanzo bila mafuta kuguswa sana. Ndiyo maana zile wiki mbili ulitembea kama mgombea. Ulikuwa umepunguza maji.

Kuhusu swali lako kubwa. Huko Connecticut, Marekani, miaka ya 1890, Wilbur Atwater na mwenzake Edward Rosa walijenga chumba kidogo, wakamweka mtu humo siku kadhaa, wakapima chakula chake, pumzi yake, choo chake na joto lote alilotoa. Kilichoingia na kilichotoka vikalingana. Tangu hapo hakuna aliyeivunja kanuni hiyo, wala haitavunjwa na parachichi. Zile namba za kalori kwa kila gramu, 4 kwa wanga, 4 kwa protini na 9 kwa mafuta, tunazotumia mpaka leo zimetokana na kazi ya Atwater.

Lakini ni wastani. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipima lozi zinazoliwa nzima, wakakuta gramu 28 zinampa mlaji kalori 129, wakati hesabu ya kawaida inatoa karibu 170. Mafuta mengine yanabaki yamefungwa ndani ya chembe za lozi na kutoka nazo chooni. Protini nayo mwili unaimeng'enya kwa gharama: kati ya asilimia 20 na 30 ya nguvu yake inaishia kwenye kazi hiyo hiyo. Mafuta gharama yake ni ndogo mno. Kwa hiyo kanuni ni ya kweli, ila namba unazoziingiza kwenye simu zimekadiriwa, tena na mtu ambaye hajawahi kula kwako.

Baba Nyama, wewe tutazungumza.

Baba Nyama (Dar)

Zungumza mwalimu. Kilo 11 zote ni maji?

Mwalimu wa Kemia (Iringa)

Sijasema zote. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa mwaka mzima, kundi moja likipunguza wanga, jingine likipunguza mafuta. Waliopunguza wanga walitoa wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta 5.3, na tofauti hiyo kitakwimu haina uzito. Ndani ya kila kundi ndiko kulikuwa na maajabu: wapo waliotoa karibu kilo 30, wapo walioongezeka. Insulini nayo waliipima mwanzoni, haikuweza kutabiri nani atafaulu na njia ipi.

Sasa na mimi nikuulize. Miezi minne hiyo uliacha wanga tu, au na vingine?

Baba Nyama (Dar)

Wanga, soda, chipsi. Bia pia, maana ina wanga.

Mwalimu wa Kemia (Iringa)

Bia ngapi?

Baba Nyama (Dar)

Za jioni tu. Mbili tatu.

Mwalimu wa Kemia (Iringa)

Chupa ya nusu lita ina kalori zaidi ya 200. Tatu ni 600 na ushee. Ndizo zile zile anazozitafuta Mtunza Stoo kwa mizani.

Dereva wa Karatu

Niingie hapo kwenye hiyo 2,400, maana naona wote mmeipita kama kituo kisicho na abiria.

Mimi nabeba wageni kwenda Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola, kwa Wahadzabe. Mara moja nilijitia ujana nikafuatana na wawindaji kutoka alfajiri. Wanakwenda mwendo ule ambao si kukimbia na si kutembea, miiba imejaa, na wao wanapita kama hakuna kitu. Saa nne tulikuwa tumepata ndege wawili na mimi miguu ilikuwa imekwisha. Nilirudi kwenye gari nikijisemea, hawa kwa siku wanaunguza chakula cha watu watatu.

Kumbe siyo. Mgeni mmoja ndiye aliyenieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe. Herman Pontzer, Mmarekani, na wenzake waliwapima watu wazima 30 wa Kihadzabe, wakatoa matokeo mwaka 2012. Walinyweshwa maji yenye alama maalumu, kisha mkojo ukapimwa kwa siku kadhaa kujua mwili umetumia nguvu kiasi gani. Wanaume walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, matumizi yao kwa siku yalikuwa sawa na ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini.

Mwili una namna yake ya kubana. Ukitumia sana huku, unapunguza kule. Na mimi niliona kwa macho: mchana kutwa wale wazee wako chini ya mbuyu, wamejilaza, mmoja ananoa mshale nusu saa nzima. Kwa hiyo mkuu wangu wa stoo, wewe umeweka kwamba kila siku zinatoka 2,400 kama vile anayezitoa ni mashine. Anayetoa ni mtunza stoo mwenzako. Wewe ukiona saruji inaingia kidogo si unaanza kubana ya kutoa? Unamwambia fundi njoo kesho. Jiangalie: siku hizi ngazi unapanda, au unaita kijana akuletee faili?

Na shemeji kupungua bila kuhesabu mbona si ajabu. Mvua inanyesha hata pasipo na kipimo cha mvua.

Mtunza Stoo (Tanga)

Naita kijana. Tena juzi mke kalalamika kwamba saa mbili usiku nimeshalala kwenye kochi.

Nesi wa Zamu (Dodoma)

Nimemaliza zamu sasa hivi, nitaandika kwa kifupi, mnisamehe herufi.

Kaka, usijione mwongo. Mwaka 1992 kule New York walichukua watu 10 wanene waliokuwa wakisema wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Walipopimwa kwa njia kama hiyo aliyoitaja Dereva, ilionekana chakula wanakitaja pungufu kwa asilimia 47 na mazoezi wanayazidisha kwa asilimia 51. Na miili yao haikuwa na kasoro. Wewe ulikosea 394 juu ya 1,800. Kwa binadamu wa kawaida hiyo ni hesabu safi.

Shemeji yako nadhani namwelewa. Kevin Hall na wenzake walifanya utafiti Bethesda, Marekani, ukatoka mwaka 2019. Watu 20 walilazwa wiki nne. Wiki mbili wanapewa vyakula vya viwandani vya pakiti, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa hivyo. Sahani zilipangwa zilingane kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, halafu wakaambiwa kula utakavyo. Kwenye vya viwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku bila kujua, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vya kawaida wakapungua kiasi hicho hicho. Na walikuwa wanakula vya viwandani kwa haraka zaidi. Biskuti inateleza. Muhogo wa kuchemsha lazima utafune, na kabla hujamaliza umeshiba. Kalori zake zimepungua kama zako, ila yeye njaa haimpigii kelele usiku. Wewe inakupigia?

Mwisho, wewe ni mtu wa presha. Dawa kama umepewa usiache kwa kuona uzito umeshuka, na kilo zikiendelea kutoka rudi upimwe ili daktari aangalie dozi. Pima na kiuno, mizani peke yake inakuchanganya na mambo ya maji.

Mtunza Stoo (Tanga)

Narudi baada ya wiki tatu na siku nne kama nilivyoahidi wengine kwenye ujumbe.

Dumu lililofunguliwa tarehe 3 leo tarehe 28 bado lina robo. Hatukufanya jambo kubwa. Samaki siku hizi anachomwa au anachemshwa kwa ndimu na pilipili, na mke kahamisha mafuta kwenye chupa ndogo yenye kitundu, ile ya kumimina imerudi kabatini. Tui limebaki Ijumaa na Jumapili, hilo nimeambiwa wazi lisijadiliwe. Ugali nimeacha kuupima. Nimebaki na kadi ya dumu tu, na jioni natembea mpaka Raskazone na kurudi, si kwa sababu ya kuunguza, bali nisilale kwenye kochi saa mbili. Njaa ya usiku, Nesi, ndiyo, ilikuwa inanipigia sana. Nimerudisha maharage ambayo niliyakata mwanzoni kwa kuwa programu iliniambia yana kalori nyingi, na imetulia. Mizani imesoma 91.7. Kiuno kimepungua sentimita 2.

Lakini kuna kitu kinanikera. Ile hesabu yetu ililingana mno. Kilo 2 na kidogo za mafuta, 1.8 za maji, jumla 3.9 kama ilivyosoma mizani. Miaka 16 sijawahi kuona stoo inayolingana namna ile isipokuwa mtu ameirekebisha usiku. Tui halimo, lile la Dereva la mwili kubana halimo, na bado inalingana? Nikamwambia mke kuna kitu tumekosa, akaniambia nilale.

Jana shemeji kaja na kikapu cha machungwa. Kaikuta kadi kwenye dumu, kaisoma yote, sahihi kwa sahihi, mimi nimesimama mlangoni nasubiri kejeli. Hakucheka. Akauliza: "Na chai ya kazini ina kadi?"

Chai ya kazini. Yule mama anayetuletea kwenye chupa, inakuja imeshatiwa sukari. Vikombe vitatu kwa siku, na leo asubuhi nimemuuliza, ni kama vijiko vitatu kwa kikombe. Gramu 36, kalori 144, siku sita kwa wiki, wiki zote kumi na moja. Nimepiga hesabu: 9,504. Kilo moja na robo, na sijui niiweke safu gani.